Kinga ya kuazima: inaingiaje mwilini, inakaa siku ngapi, na kwa nini ukiambiwa urudi, rudi

Bandarini_Lamu (mleta uzi)

Asalaam aleikum wadau. Nafungua uzi huu kwa sababu ya swali linalorudi kila mara barazani, hasa hapa Amu ambapo vichochoro ni vya punda na watoto hutembea pekupeku: "Mtu akidungwa sindano ya pepopunda si keshapata kinga? Mbona anaambiwa arudi tena mwezi ujao?"

Sindano ni mbili, ila watu huziita kwa jina moja.

Ya kwanza ni chanjo. Hiyo huuonyesha mwili sura ya adui, na mwili wenyewe ukajifunza kutengeneza kingamwili. Kujifunza kuna muda wake: kwa mtu ambaye hajawahi kuchanjwa ni wiki mbili na zaidi. Ukishajifunza, kumbukumbu inabaki miaka.

Ya pili ni seramu. Humo mna kingamwili zilizokwisha kutengenezwa na mwili wa mwingine, binadamu au farasi, zikachujwa na kutiwa chupani. Zinaanza kazi ndani ya saa chache, lakini mwili wa aliyedungwa haukujifunza kitu. Zikiisha zimeisha.

Hii ya pili ndiyo vitabu huiita kinga pasivu. Mimi nitaiita ya kuazima, maana ndivyo ilivyo: si mali yako, umepewa uvuke nayo.

Ilijulikana mwaka 1890 mjini Berlin, pale Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walipoonyesha kuwa maji ya damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga dhidi ya pepopunda yakidungwa kwa mnyama mwingine, huyo wa pili naye hadhuriki na ile sumu. Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1901, ya kwanza kabisa kutolewa. Enzi zile antibiotiki hazikuwepo. Mtoto mwenye dondakoo alikuwa akisubiri seramu ya farasi au kaburi.

Kingamwili yenyewe ni protini yenye umbo la manati. Ile mikono miwili inashika adui, ule mpini unaita chembe nyeupe zije kula. Kwa sumu kama ya pepopunda, kushika tu kunatosha: sumu iliyoshikwa haiwezi kujibandika kwenye neva. Lakini lazima ishikwe ingali njiani. Ikishaingia ndani ya neva, kingamwili haiifikii tena, hata ukidunga chupa kumi. Kwa hiyo sindano ya leo na ya keshokutwa si sindano moja.

Sasa hesabu ya jeraha. Msumari wa jahazi, jiwe la matumbawe, kwato ya punda, mwiba uliozama, jeraha lenye udongo au samadi: hayo ni majeraha machafu. Mbegu za pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha punda, farasi na ng'ombe. Akiwa aliyeumia hajafikisha dozi tatu za chanjo maishani, au hajui, apewe vyote viwili: imunoglobulini (ndiyo ile seramu) ya binadamu uniti 250 kwenye msuli, na chanjo kwenye msuli mwingine, kwa bomba jingine. Mkubwa kwa mtoto kiasi ni hichohicho. Pale ambapo ipo ya farasi tu, kiasi ni uniti 1,500. Akiwa ana dozi tatu au zaidi, seramu haihitaji. Anaongezewa chanjo ikiwa ya mwisho imepita miaka mitano. Jeraha safi la kisu cha jikoni ni chanjo peke yake, ikiwa imepita miaka kumi.

Na jeraha lioshwe. Seramu haiondoi uchafu uliobaki ndani ya nyama.

Ukiambiwa urudi baada ya wiki nne, ni kwa ajili ya chanjo ya pili. Ile uliyoazimwa wakati huo imebaki chini ya nusu.

Mama_Shela

Ahsante ndugu. Na mtoto mchanga je? Anazaliwa na kinga yake au anazaliwa mtupu?

Mkunga_Mkomani

Waaleikum salaam. Hapo dada yangu umegusa azima kubwa kuliko zote.

Mtoto anazaliwa na kingamwili tele, lakini takriban zote ni za mamake. Zimepita kwenye kondo la nyuma. Hazivuji zenyewe, ukuta wa kondo una vipokezi vinavyozishika upande wa mama, vikazibeba na kuzitua upande wa mtoto. Aina inayobebwa ni moja tu, ile iitwayo IgG. IgM haipiti, wala IgA, wala IgE.

Ubebaji huo unaanza karibu na wiki ya 13, ila kwa kasi ndogo sana. Wiki ya 17 hadi 22 mtoto ana asilimia 5 hadi 10 tu ya kiwango cha mamake. Wiki ya 28 hadi 32 anafika nusu. Ni katika zile wiki za mwisho ndipo anapomfikia mama, na akitimiza miezi yake humpita. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 hakuzaliwa mdogo wa kilo peke yake. Ameondoka mzigo ukiwa nusu.

Mama naye hawezi kuazima asichonacho. Chanjo ya pepopunda kliniki (siku hizi inakuja pamoja na ya dondakoo) inadungwa kwa mama, lakini mlengwa ni kitovu cha mtoto. Asiyewahi kuchanjwa hupewa ya kwanza anapofika kliniki mara ya kwanza, ya pili wiki nne baadaye, na hiyo ya pili iwe imetangulia kujifungua kwa angalau wiki mbili. Akidungwa leo akazaa keshokutwa, mtoto hakupata kitu. Ya tatu ni miezi sita baada ya ya pili, ya nne mwaka baada ya hapo, ya tano mwaka tena.

Pepopunda ya mtoto mchanga ina sura yake, nawaomba muishike: mtoto alinyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 anaanza kushindwa kunyonya, taya limekaza, mwili unakakamaa akiguswa au kukiwa na kelele. Huyo si wa kufukizwa ubani nyumbani. Ni wa hospitali saa hiyohiyo. Na kitovu kisitiwe majivu, wala vumbi, wala samadi, wala mafuta ya kupikia. Ni dawa ya klorheksidini ya asilimia 7.1 waliyokupa wodini, au kiachwe kikavu na safi.

Kuna jambo watu wa pwani hatulisemi vya kutosha. Malaria ikikaa kwenye kondo, ule ubebaji unaharibika. Mama anaweza kuwa na kingamwili nyingi kwenye damu yake na mtoto akapokea kidogo. Virusi vya Ukimwi navyo hufanya hivyohivyo. Basi chandarua na dozi za SP (vidonge vya kukinga malaria kwa wajawazito) kuanzia wiki ya 13, zikiachana kwa wiki nne au zaidi, zinalinda njia ambayo kinga ya mtoto inapitia. Mjamzito anayesema "mimi malaria nimeizoea, hainilazi" asikilize hilo.

Maabara_Malindi

Bi Mkunga amesema vizuri. Niongeze upande wa hesabu, maana hapo ndipo watu hupotea.

IgG ikiingia mwilini hupungua nusu kila siku 21 hivi. Nyingine kwa watoto huchukua muda mrefu kidogo. Chukua mtoto aliyezaliwa na kipimo 1,600 cha kingamwili za surua. Wiki 3 ana 800. Wiki 6, 400. Wiki 9, 200. Wiki 12, 100. Wiki 24 ana kama 6. Tuseme chini ya 100 hawezi tena kukinga surua (nambari ni za mfano, msizibebe maabara). Mtoto huyu amelindwa wiki 12. Mwenzake aliyeanza na 3,200 amelindwa wiki 15. Yaani kinga ya mama ikiwa maradufu, mtoto anaongezewa wiki tatu tu, si muda maradufu. Hakuna mama mwenye kinga ya kumvusha mtoto mwaka mzima.

Mama aliyeugua surua utotoni kwa kawaida huanzia juu. Mama aliyechanjwa tu huanzia chini zaidi, na watoto wake hubaki wazi mapema.

Sasa mtauliza, mbona basi chanjo ya surua inangoja miezi tisa? Kwa sababu azima hii ina ubaya wake. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa; lazima kikue kidogo ndipo mwili ukione. Kingamwili za mama zikiwemo bado, zinakishika na kukimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Ukichanja mapema, sindano imepotea. Ukichelewa, mtoto yuko wazi. Miezi 9 na marudio miezi 18 ndipo mizani iliposimama hapa Kenya. Mlipuko ukitokea, huanzwa miezi 6, na hiyo haihesabiwi. Ile ya miezi 9 inabaki palepale.

Jingine, na hili linaumiza familia bure. Kipimo cha haraka cha VVU kinatafuta kingamwili. Mtoto wa mama mwenye virusi atapimwa na kuonekana anavyo, kumbe ni kingamwili za mama, na zinaweza kuonekana mpaka karibu miezi 18. Kwa hiyo mtoto wa chini ya umri huo hupimwa kwa PCR, inayotafuta kirusi chenyewe, kuanzia wiki 6. Kipimo cha kidole kwa mtoto wa miezi mitatu kinakueleza habari za mama, si za mtoto.

Kinyume chake pia kinafaa: kwa kuwa IgM haipiti kwenye kondo, ukiikuta kwenye damu ya mtoto mchanga, ameitengeneza mwenyewe. Basi maambukizi yamemfikia.

Ustadh_Langoni

Shukrani Bi Mkunga. Nina mawili. Wazee wengine hukamua yale maziwa ya manjano ya mwanzo na kuyamwaga, wakisema yamekaa muda mrefu kifuani na ni machafu. Pili, tahniki, ile sunna ya kumpaka mtoto mchanga tende kaakaani. Sitaki watu waambiwe waache sunna, nataka kujua mpaka uko wapi.

Mkunga_Mkomani

Ustadhi, ahsante kwa kuuliza waziwazi.

Yale ya manjano ni dang'a, na kuyamwaga ni hasara ambayo hairudishiki. Ni machache: siku ya kwanza nzima hayafiki sana zaidi ya mililita 30, na kila kunyonya mtoto anapata kama kijiko kimoja cha chai. Mama akiona hivyo anadhani hana maziwa. Anayo. Tumbo la mtoto siku hiyo ni dogo, kijiko hicho kinatosha. Uzito wake uko kwenye IgA, aina nyingine ya kingamwili. Hii haiingii kwenye damu ya mtoto. Inajipaka kwenye koo na utumbo kama chokaa kwenye ukuta, na vijidudu vya kuhara vikija havipati pa kushika.

Na si IgA ya kubahatisha. Mama anapomeza au kuvuta vijidudu vya nyumba yake, chembe zilizoko utumboni mwake zikishavitambua husafiri mpaka kwenye matiti na kuanza kutengeneza kingamwili za vijidudu hivyohivyo. Maziwa ya mama wa Matondoni yameandaliwa kwa maji ya kisima cha Matondoni. Hakuna kopo la dukani lenye hilo.

Mtoto awekwe kifuani ndani ya saa moja ya kuzaliwa. Mama aliyepasuliwa vilevile, akishikiwa.

Tahniki: tende iliyolainishwa, kiasi cha kugusa tu, kwa kidole kilichooshwa kwa sabuni, inapakwa kwenye kaakaa na basi. Wizara inashauri asipewe chochote ila maziwa ya mama mpaka miezi sita, na mimi mkunga nasimama hapo. Anayetaka sunna yake basi aiweke ndogo hivyo, na atangulize titi. Tatizo letu hasa si tende. Ni vile vijiko vya maji ya sukari, maji ya glukosi na maji ya zabibu vinavyofuata siku tatu nzima. Mtoto anashiba maji, titi haliitwi, na yale maji yanaingia na vijidudu kabla ukuta haujapakwa chokaa.

Asali usimpe kabisa kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na mbegu za botulini, na utumbo mchanga hauna uwezo wa kuzizuia zisiote. Mtoto analegea, kilio kinafifia, anashindwa kunyonya. Dawa yake nayo ni kingamwili za binadamu, ghali na adimu.

Na kuna kosa la upande wa pili: "namnyonyesha vizuri, hahitaji chanjo." Maziwa yanalinda utumbo, koo, na hupunguza maradhi ya masikio na kifua. Surua na pepopunda hukingwa na kilicho ndani ya damu, nacho kilikuja kupitia kondo na kinapungua kama Maabara alivyohesabu.

Tabibu_wa_Punda

Naomba nafasi kwa ajili ya wanyama, kwa sababu hapo jambo ni kali zaidi na Lamu ni mji wa punda.

Kondo la punda, ng'ombe, mbuzi na kondoo lina tabaka nyingi na halipitishi kingamwili. Mtoto wa punda anazaliwa mtupu kabisa. Azima yake yote iko kwenye dang'a. Tofauti na binadamu, utumbo wake siku ya kwanza una milango: kingamwili zinapita nzimanzima mpaka kwenye damu. Milango hiyo huanza kujifunga baada ya saa chache, na saa 24 zikitimia imefungwa. Ukimpa dang'a siku ya pili anapata chakula, hapati kinga ya damu.

Kanuni ya wenye punda: ndani ya saa 1 awe amesimama, ndani ya saa 2 awe amenyonya, na ndani ya saa 3 kondo la mama liwe limetoka. Punda jike anayechuruzika maziwa siku kadhaa kabla ya kuzaa anapoteza dang'a yake chini. Huyo mkamue na uhifadhi, au tafuta dang'a ya jike mwingine. Mtoto akipimwa damu saa 18 hadi 24, IgG juu ya miligramu 800 kwa desilita ni nzuri. Chini ya 400 ameshindwa kupokea, na tiba iliyobaki ni kutiwa utegili (maji ya damu) kwenye mshipa. Wengi huletwa siku ya nne na viungo vimevimba, vijidudu vimeingia kwa kitovu.

Ndama: asilimia 10 ya uzito wake. Ndama wa kilo 30 apate lita 3, nyingi yake ndani ya saa 2 hadi 6. Mtoto wa mbuzi wa kilo 3: mililita 150 mara ya kwanza, kisha tena mpaka jioni. Dang'a inagandishwa kwenye friza na kukaa mpaka mwaka. Wakati wa kuyeyusha ndipo watu huharibu: chupa inatiwa kwenye maji yanayochemka au inatokoswa jikoni. Kingamwili ni protini, ikipita nyuzijoto 60 inaiva kama ute wa yai. Tumia maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 50, na uingojee iyeyuke.

Ama pepopunda, punda ni katika wanyama wanaoathirika nayo vibaya sana. Jeraha la kwato au la tandiko kwa punda asiyechanjwa: seramu uniti 1,500 na chanjo siku hiyohiyo, sehemu mbili tofauti za mwili.

Mwanagenzi_Faza

Shikamooni. Mimi nasomea uuguzi. Kwa mwenye kuumwa na mbwa, kwa nini tunaambiwa seramu itiwe kwenye jeraha lenyewe na si kwenye bega? Si itafika tu kwa damu?

Bandarini_Lamu (mleta uzi)

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na ndilo linalokosewa zaidi.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hakisafiri kwa damu. Kinakaa kwenye nyama ya jeraha, siku chache au wiki, kikitafuta ncha ya neva. Kikiipata, kinapanda nayo mpaka ubongo. Chanjo inahitaji siku 7 hadi 10 ndipo kingamwili zionekane. Katika pengo hilo, ulinzi pekee ni kukizingira palepale kilipo. Seramu ukiitia begani inagawanyika mwili mzima na inayofika kwenye jeraha ni chembe tu.

Utaratibu: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Tia iodini. Kama ngozi imechanika au mate yameingia jichoni au mdomoni, hilo ni daraja la tatu, na anahitaji seramu pamoja na chanjo. Ya binadamu ni uniti 20 kwa kila kilo, ya farasi 40 kwa kilo. Mtoto wa kilo 15: uniti 300 za binadamu. Chupa yenye uniti 150 kwa mililita inampa mililita 2. Soma lebo kila mara, nguvu za chupa hutofautiana, hasa za farasi.

Ingiza sindano kwenye kingo za jeraha na ndani yake, uizungushe mpaka kila jeraha limepata. Yakiwa majeraha mengi na dawa kidogo, iongeze kwa maji ya chumvi ya hospitali ili ienee, usiongeze uniti. Ukizidisha uniti, kingamwili za kuazima zinaizima chanjo. Kwenye kidole, pua au sikio tia polepole na kidogo. Kidole hakina nafasi, ukikijaza damu inakatika. Kushona kusubiri; ikiwa hapana budi, tia seramu kwanza, kisha shona kwa kulegeza. Kilichobaki baada ya jeraha kushiba si lazima kidungwe mbali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tangu 2018 umeliacha hilo.

Chanjo inaanza siku hiyohiyo, begani kwa mkubwa, pajani kwa mtoto mdogo, kamwe si kwenye tako. Seramu ikikosekana leo, usimrudishe mtu nyumbani. Osha, anza chanjo, na seramu itafutwe: inafaa mpaka siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. Baada ya hapo mwili umeanza kutengeneza zake na ya kuazima inaingilia kati. Aliyewahi kumaliza chanjo ya kichaa cha mbwa zamani hahitaji seramu kabisa, anaongezewa chanjo tu.

Famasi_Malindi

Naunga mkono, na niseme ya chupa.

Imunoglobulini hukaa nyuzijoto 2 hadi 8. Watu huogopa joto, na wana haki hapa kwetu, lakini zinazoharibika kimyakimya ni zile zilizoganda. Chupa ikilazwa juu ya barafu ngumu ndani ya boksi, tangu Mokowe mpaka Kizingitini, inaganda, protini zinashikana, na ikiyeyuka inaonekana kama kawaida. Pakiti ya barafu itoe friza, iache nje, itikise. Ukisikia maji yanacheza ndani ndipo uitie kwenye boksi. Chupa izungushiwe karatasi isigusane nayo. Ukifika, inyanyue kwenye mwanga: ikiwa na ukungu au vipande vinaelea, usiitumie. Ya msulini isitiwe kamwe kwenye mshipa.

Za farasi zinataka tahadhari ya mzio. Adrenalini iwe imevutwa au iko mkononi kabla hujadunga: mkubwa mililita 0.5 ya ile ya moja kwa elfu, pajani. Mtoto mililita 0.01 kwa kilo. Mgonjwa akae saa moja akiangaliwa. Kile kipimo cha kudunga tone kwenye ngozi hakitabiri mzio mkali, kisiwe sababu ya kumnyima mtu dawa.

Na umwonye kuhusu wiki inayofuata. Siku ya 7 mpaka 14 anaweza kupata homa, vipele vya kuwasha na maumivu ya viungo. Ni mwili wake unaishambulia protini ya farasi; Clemens von Pirquet na Béla Schick waliuandika ugonjwa huu mwaka 1905. Kwa kawaida hupoa kwa matibabu mepesi. Asipoonywa atadhani ni malaria, au atadhani ni chanjo na kuikatisha.

Hapohapo niseme la nyoka, ingawa si maambukizi: seramu ya sumu ya nyoka ni kinga ya kuazima ileile. Watu wa Watamu wanaijua kwa sababu ya Bio-Ken, kile kituo cha nyoka. Kipimo chake hakifuati kilo. Mtoto anapewa sawa na mtu mzima, kwa kuwa bafe hakupunguza sumu kwa kuona mtoto. Na aliyeumwa msimfunge kamba, msichanje jeraha kwa wembe, msinyonye sumu.

Jahazi_Mambrui

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini kwa mnavyoeleza hii inasitiri, tena mara moja. Basi kwa nini tusidungwe hizi kila mwezi tukaacha chanjo?

Maabara_Malindi

Inasitiri kwa siku za kuhesabu, ndugu. Kila mwezi maisha yako yote, kwa kila ugonjwa, kwa kingamwili za kukamuliwa kutoka damu za watu. Haiwezekani. Chanjo ni bei ndogo na kumbukumbu ni yako.

Ila kuna pahali fikra yako inafanyiwa kazi kweli. Zipo kingamwili zinazotengenezwa maabara, za aina moja tu, zilizorekebishwa mpini wake zikae mwilini miezi badala ya wiki. Nirsevimabu ni mojawapo, dhidi ya kirusi cha RSV kinachobana vifua vya watoto wachanga, kirusi kilichochunguzwa miaka mingi hapa jirani Kilifi: dozi moja, miligramu 50 kwa mtoto wa chini ya kilo 5, 100 kwa aliyefika kilo 5, na inamlinda msimu mzima. Ipo pia njia ya Bi Mkunga, kumchanja mama mjamzito dhidi ya RSV kuanzia wiki ya 28 ili kondo libebe.

Kwa malaria historia ni ndefu. Mwaka 1961 watafiti nchini Gambia walichuja IgG kutoka damu za watu wazima waliokulia kwenye malaria wakawadunga watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua sana. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba kingamwili zina kazi kwenye malaria. Mwaka 2022 huko Mali kingamwili ya maabara iitwayo CIS43LS, miligramu 40 kwa kilo kwa dripu mara moja, ilizuia maambukizi kwa asilimia 88 katika miezi sita. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 2.4 za kingamwili, na bei yake haijafika kijijini Marafa.

Mama_Shela

Swali la mwisho jamani. Mtoto wa miezi 8 alidungwa ile imunoglobulini ya pepopunda baada ya kukatwa na bati. Mwezi ujao ni surua. Apelekwe au?

Bandarini_Lamu (mleta uzi)

Dada, hilo la kujua mapema ni zuri. Ndani ya ile sindano mna kingamwili za wachangiaji damu, na za surua zimo pia. Zinaweza kuizima chanjo kama za mama zinavyofanya. Baada ya imunoglobulini ya pepopunda, surua husubiri miezi 3. Baada ya ile ya kichaa cha mbwa, miezi 4. Akiwa ameongezewa damu, miezi 6 au zaidi kulingana na kiasi. Chanjo zisizo hai, kama ile ya pamoja ya wiki 6, 10 na 14, hazisubiri kitu. Matone ya polio nayo hayasubiri.

Mpeleke kliniki tarehe ileile aliyopangiwa, na kijitabu chake, na karatasi yenye tarehe na jina la sindano aliyodungwa. Muuguzi ndiye atakayeandika tarehe mpya. Kukiwa na surua mtaani asisubiri: achanjwe, na arudiwe miezi ikitimia. Angalia pia kama zile tatu za wiki 6, 10 na 14 zimeandikwa zote; ikiwa zote zimo, waulize kwa upole kwa nini alipewa imunoglobulini, maana huenda hawakuwa wameuona ukurasa huo.